Cheti cha jezi sio uthibitisho, someni hapa kabla hamjatuma hela

Malalamiko ya watu waliouziwa jezi na saini feki yanazidi kuongezeka na chanzo kinajulikana, ni hizi bei za minada. Mwaka 2022 jezi aliyovaa Maradona dhidi ya Uingereza mwaka 1986 iliuzwa pauni milioni 7.1, kadi ya 1952 yenye picha ya mchezaji wa besiboli Mickey Mantle ikafika dola milioni 12.6, halafu 2024 jezi ya Babe Ruth, naye wa besiboli, ya fainali za 1932 ikapita dola milioni 24. Mtu akishasikia hizo akiona jezi "original yenye saini" mtandaoni kwa bei poa anatuma hela usiku huohuo.

Wengi wakija kwetu na malalamiko hayo wanakuja na cheti kinachosema saini ni halisi. Jamani, cheti ni karatasi, aliyeweza kughushi saini anashindwaje kughushi karatasi? FBI, wapelelezi wa Marekani, walipovunja mtandao wa waghushi wa saini huko kwao kwenye miaka ya 90 walikuta vyeti feki vya kutosha, na mipira ya besiboli yenye saini ya Mama Teresa. Hata namba ya cheti kukubali kwenye mfumo wa waliokitoa haitoshi, maana namba ya kweli inakopiwa inabandikwa kwenye kitu feki.

Kinachosaidia ni historia ya kitu, kimetoka kwa nani kikaenda kwa nani, na picha za mechi yenyewe. Ile ya Maradona ilitoka mkononi mwake kwenda kwa Steve Hodge, mchezaji wa Uingereza, walibadilishana baada ya mechi, na bado kabla ya mnada binti wa Maradona alisema hiyo ni ya kipindi cha kwanza wakati magoli yote mawili baba yake alifunga cha pili. Ikabidi wakaguzi walinganishe nembo, mistari na namba na picha za siku ile, moja moja, maana zile jezi ziliwekwa nembo na namba harakaharaka kwahiyo kila moja ina kasoro zake. Sasa kama jezi ya Maradona ilipitia yote hayo, ya kwako itapitaje na karatasi tu?

Ukishahisi umeuziwa feki, usiifue, usibandue stika wala usiirudishe kwa muuzaji kabla hujapiga picha pande zote. Tunza risiti, kifurushi kilivyokuja na chati zote, skrinshoti ionyeshe tarehe na akaunti ya muuzaji. Anza na benki au kampuni uliyolipia, leo, sio wiki ijayo, kwasababu muda wa kupinga malipo una ukomo na wengi wanatufikia umeshapita. Ndipo uripoti polisi, kwa maandishi.

Kughushi saini au cheti ili uuze ni jinai, kwahiyo msikubali kuambiwa "mmalizane wenyewe". Na ukishaambiwa na mkaguzi kwamba ni feki ukamuuzia mwenzio ili urudishe hela yako, hapo mshtakiwa ni wewe, na kusema na mimi nilitapeliwa hakutakuokoa.