Tetemeko lenye mwenyewe

Usiku wa Agosti 16, 2012, saa nne na nusu, kijiji cha Huizinge kaskazini mwa Uholanzi kilitikisika. Ukubwa wa tetemeko ulikuwa 3.6. Mtu wa Kagera aliyepitia tetemeko la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, anaweza kuicheka namba hiyo, kwani nishati iliyotoka siku ile Kagera ilikuwa zaidi ya mara 2,000 ya ile ya Huizinge. Hata hivyo, katetemeko hako ndiko kalikoanzisha safari ya kufunga mojawapo ya hazina kubwa kabisa za gesi asilia duniani. Lilikuwa tetemeko lenye mwenyewe: lilitokana na kazi ya watu.

Sisi wa jiolojia huulizwa mara kwa mara kama uchimbaji unaweza kuleta tetemeko. Unaweza, na hilo limejulikana kwa zaidi ya miaka mia. Tatizo ni maelezo yanayozunguka mitaani, kwamba chini hubaki shimo tupu, kisha dunia ikadidimia humo. Kwenye baadhi ya migodi kuna ukweli kidogo ndani yake. Kwenye gesi na mafuta, sivyo.

Gesi ya Groningen, mkoa ambao Huizinge imo, iligunduliwa mwaka 1959 na ikaanza kuvunwa 1963. Haikuwa imelala ndani ya pango. Ilikuwa imejibana katika vitundu vidogo mno vya mwamba wa mchanga, kilomita 3 hivi chini ya mashamba, kwa presha ya takriban bar 350, yaani kama mara 350 ya presha ya hewa inayotuzunguka. Presha hiyo ilikuwa ikisaidia kubeba uzito wa miamba yote ya juu. Gesi ilipozidi kutolewa, punje za mchanga zikaachiwa mzigo peke yake, zikasongamana, na uso wa ardhi katikati ya eneo hilo ukashuka kwa zaidi ya sentimita 30. Tabaka lote lingeshuka kwa pamoja, pengine kusingesikika kishindo. Lakini limekatwakatwa na mamia ya mipasuko ya kale. Upande mmoja wa mpasuko ukishuka kuliko wa pili, miamba hukwama, hujikaza, kisha siku moja huteleza ghafla. Kule kuteleza ndilo tetemeko.

Basi kwa nini 3.6 ipasue kuta? Kwanza, kina. Matetemeko mengi ya asili huanzia kilomita 10 au zaidi chini, na mawimbi hupungua nguvu njiani. Kutoka kilomita 3 hayana pa kupungulia. Pili, udongo wa Groningen ni laini, na udongo laini hukuza mtikisiko. Tatu, nyumba zao ni za matofali, zilizojengwa na watu ambao hawakuwahi kufikiria tetemeko. Kwa hiyo ukisikia ukubwa wa tetemeko redioni, uliza pia kina chake.

Historia ya huko inauma. Desemba 1986 mji wa Assen, kusini mwa eneo hilo, ulitikiswa na tetemeko dogo. Mwanajiografia Meent van der Sluis alisema waziwazi kwamba chanzo ni gesi, akapuuzwa. Uhusiano huo ulikubaliwa rasmi mwaka 1993. Tangu mwisho wa 2016 sheria ya Uholanzi imegeuza mzigo wa ushahidi: nyumba ya eneo la gesi ikipata uharibifu unaofanana na wa tetemeko, huhesabiwa kuwa umetokana na uvunaji mpaka kampuni ithibitishe vingine. Uvunaji ulisimama Oktoba 1, 2023, na mwaka uliofuata ukafungwa moja kwa moja kisheria. Nionavyo, kugeuza mzigo huo kulikuwa jambo kubwa kuliko hata kufunga visima, maana mwenye nyumba hana mashine wala wataalamu wa kumshinda mchimbaji mahakamani.

Groningen ni tetemeko la kutoa. Kuna pia tetemeko la kuingiza, na hili ndilo huwashangaza wengi.

Mwaka 1962 jeshi la Marekani lilianza kusukuma majitaka ya kiwanda cha kemikali ndani ya kisima chenye kina cha zaidi ya mita 3,600 karibu na Denver. Haikuchukua muda, mji ambao ulikuwa haujazoea matetemeko ukaanza kutikisika. Mwanajiolojia David Evans alipanga kwenye chati kiasi cha maji kilichoingizwa kila mwezi na idadi ya matetemeko, mistari miwili ikapanda na kushuka pamoja. Wengi hudhani maji hulainisha mpasuko kama grisi. Kazi yake kubwa ni nyingine. Fikiria jeki chini ya gari: gari halijapungua uzito hata kilo moja, ila tairi imeacha kukandamiza barabara. Maji yenye presha yakiingia kwenye mpasuko hubeba sehemu ya mgandamizo uliokuwa ukizibana pande zake mbili. Miamba iliyokuwa tayari imejikaza kwa nguvu za asili hupata nafasi ya kuteleza. Kwa maneno mengine, pampu haileti nguvu yote ya tetemeko. Sehemu kubwa ilikuwapo, ikisubiri.

Ndiyo maana kuzima pampu hakuzimi tetemeko papo hapo. Denver walisimamisha kazi Februari 1966, na tetemeko lao kubwa likaja 1967, kwa sababu presha iliendelea kusambaa taratibu ndani ya miamba. Basel, Uswisi, mradi wa jotoardhi, yaani wa kuvuna joto la chini kwa kusukuma maji kwenye miamba ya moto, ulisimamisha pampu Desemba 8, 2006 baada ya mitikisiko kuongezeka. Saa chache baadaye likaja la 3.4. Mradi ukafutwa. Pohang, Korea Kusini, kwenye mradi mwingine wa jotoardhi, ilikuwa mbaya zaidi. Aprili 2017, baada ya maji kusukumwa, lilitokea tetemeko lililozidi ukubwa wa 3. Kazi ikaendelea. Novemba 15 likaja la 5.5, watu wengi wakajeruhiwa, na mtihani wa taifa wa kuingia vyuo vikuu ukaahirishwa kwa wiki nzima. Tume ya serikali ilihitimisha mwaka 2019 kwamba mradi ule ndio uliolichochea.

Kwenye migodi mikubwa ya dhahabu ya Afrika Kusini, ambako mingine imefika karibu kilomita 4 chini, mwamba wa kuzunguka njia za wachimbaji hubeba mzigo uliohamishwa kutoka kwenye mwamba ulioondolewa. Orkney, Agosti 5, 2014, tetemeko la 5.5 liliua mtu mmoja juu ya ardhi. Wahandisi huacha nguzo za mwamba, hujaza sehemu zilizokwisha kuchimbwa, na baada ya baruti husubiri kabla ya kuruhusu watu kurudi, kwa kuwa mitikisiko mingi huja muda mfupi baada ya mlipuko.

Sasa linganisha tarehe mbili. Jimbo la Oklahoma kabla ya 2009 lilikuwa likipata tetemeko moja au mawili kwa mwaka yenye ukubwa wa 3 au zaidi. Mwaka 2015 yalikaribia 900. Sababu kuu ilikuwa maji ya chumvi yanayotoka pamoja na mafuta, ambayo kampuni zilikuwa zikiyarudisha chini kabisa kwa mamilioni ya mapipa. Septemba 3, 2016 likaja la 5.8 mjini Pawnee. Wiki moja baadaye, Septemba 10, Kagera ikapata la 5.9. Weka mbele yangu chati ambazo mashine za kupima mitikisiko zilichora kwa matetemeko hayo mawili, ufiche majina ya mahali, na sitakuambia lipi la asili na lipi la visima. Mlipuko wa baruti tunautambua: husukuma ardhi kwenda nje pande zote, wakati mpasuko unaoteleza husukuma upande huu na kuvuta upande ule, basi vituo vyetu hupata mstari wa kwanza kupanda huku na kushuka kule. Lakini mpasuko ulioteleza wenyewe na ule uliosaidiwa na maji huandika mwandiko mmoja.

La Kagera lilikuwa la asili, la mipasuko inayoambatana na Bonde la Ufa, na hakuna aliyekuwa akisukuma maji kilomita kadhaa chini pale. Tunajua kwa kuangalia mambo ya nje ya chati: visima viko wapi, vina kina gani, vimeingiza kiasi gani na lini, na eneo lile lilikuwa likitikisika vipi kabla. Hilo la mwisho ndilo hukosekana. Bila mashine zilizowekwa mwaka mmoja au miwili kabla ya kuchoronga, swali la mwenyewe hugeuka ugomvi. Kwa nchi zetu zinazochoronga jotoardhi katikati ya Bonde la Ufa kama Olkaria, na kushuka chini kufuata dhahabu kama Bulyanhulu, ardhi ya kawaida tayari ina mitikisiko yake, kwa hiyo kipimo cha kabla kina thamani kuliko ilivyokuwa Groningen.

Mradi ukija kijijini kwenu, kwenye mkutano wa hadhara ulizeni vitu vitatu: mashine za kupima mitikisiko zimefungwa lini, takwimu zake ataziona nani, na ni ukubwa gani wa tetemeko utakaosimamisha kazi. Uingereza, kwenye visima vya kupasua miamba kutafuta gesi, kikomo kiliwekwa 0.5, kiasi ambacho hata binadamu hakihisi. Chenu kinaweza kuwa kingine, lakini kiandikwe kabla ya kazi kuanza. Na nyumbani, piga picha za kuta zote, ndani na nje. Kwenye kila ufa uliopo laza rula au sarafu pembeni ili upana uonekane, andika tarehe, na nakala moja iachwe ofisi ya serikali ya kijiji.