Kikombe cha Antiokia si kikombe cha Karamu ya Mwisho

Bado wapo wanaoamini kwamba kikombe cha fedha kinachoitwa cha Antiokia ndicho Yesu alichonywea divai usiku wa Karamu ya Mwisho. Imani hiyo ilienea baada ya chombo hicho kuibuka mwanzoni mwa karne ya 20, ikapata nguvu kilipoonyeshwa Chicago kwenye maonyesho ya dunia ya 1933.

Lakini wataalamu wa sanaa ya Kibizanti, yaani ya Dola ya Roma ya Mashariki, wanakiweka kati ya mwaka 500 na 550, karne tano baada ya Yesu. Tena huenda hakikuwa kikombe cha divai kabisa. Umbo lake linafanana zaidi na taa za kusimama za karne ya 6.

Chombo kina sehemu mbili. Ndani kuna bakuli la fedha lisilo na pambo lolote, na hilo ndilo lililodaiwa kuwa kikombe chenyewe. Nje limevikwa ganda la fedha iliyopakwa dhahabu, lililotobolewa kwa ustadi wa ajabu: mizabibu inajisokota, ndege na wanyama wamo humo, na watu 12 wameketi katikati ya matawi. Kristo ametokea mara mbili. Wengine 10 huenda ni mitume, au wanafalsafa wa kale waliodhaniwa kutabiri ujio wake.

Kama kweli ni taa, pambo hilo linakumbusha maneno ya Yohana 8:12, “Mimi ndimi nuru ya ulimwengu”. Kwangu, maana hiyo ni tajiri kuliko ile ya hadithi. Leo chombo hicho kipo Metropolitan Museum of Art, New York, iliyokipata 1950.