La Regenta si hadithi ya mke aliyechepuka

Kila muhula nalisikia swali hili juu ya La Regenta, riwaya ya Mhispania Clarín, na safari hii limenifika kooni: "Mwalimu, La Regenta ni mke kachepuka, basi. Siasa iko wapi?"

Siasa ni huyo huyo aliyechepuka naye. Álvaro Mesía ndiye mkuu wa chama cha waliberali katika mji wa kubuni wa Vetusta. Chama cha wahafidhina kina mkuu wa jina tu, markizi wa Vegallana, mtu asiye na hamu na siasa. Anayemwendeshea mambo yake ni Mesía. Clarín anamfananisha na mtu anayecheza sataranji peke yake, akiwajali weupe na weusi sawasawa. Ndivyo Uhispania ilivyotawaliwa baada ya ufalme kurudishwa: vyama viwili vinapokezana serikali kwa maelewano, matokeo yanapangwa kura hazijapigwa. Riwaya ilitoka 1884 na 1885, mchezo ukiendelea.

Upande wa pili yupo kasisi Fermín de Pas. Sura ya kwanza tu yuko juu ya mnara wa kanisa kuu, darubini mkononi, anaukagua mji kama mtu anayekagua shamba lake. Ana Ozores, huyo mke aliyechepuka, ni jimbo wanaloligombea hawa wawili. Hata jina analoitwa si lake: "Regenta" ni mke wa mkuu wa mahakama, na mume mwenyewe keshastaafu! Alipokuwa msichana aliandika mashairi. Wakamcheka, wakambandika "Jorge Sandio" kwa kumkejeli George Sand, mwandishi mwanamke wa Ufaransa. Vetusta humvumilia mwanamke anayechepuka kimyakimya. Anayeandika, hapana.

Ushauri wangu ni ule ule: ukisoma, andika pembeni kila mhusika anakula wapi, na nani alimpa hiyo kazi.

Wengine huniambia eti wanawake wa zama hizo waliandika mapenzi tu. Mwandishi Mhispania Emilia Pardo Bazán alikwenda kushinda ndani ya kiwanda cha tumbaku cha mji wa A Coruña kwa miezi miwili, ndipo akaandika riwaya ya La Tribuna (1883). Amparo, msokota sigara, anawasomea wenzake magazeti kwa sauti. Anajifungua bila mume siku jamhuri inapotangazwa, na vigelegele vya jamhuri vinamfikia kitandani. Wala usikimbilie kusema mwandishi alikuwa mwanajamhuri. Hakuwa.

Na eti mwanamke wa Cervantes ni Dulcinea tu, yule mpenzi wa kufikirika wa Don Quijote! Fungua Don Quijote ya 1605, sura ya 14. Wanaume wamemzunguka maiti, wanamlaumu Marcela kwamba kamuua kwa kumkataa. Anawajibu kwamba alizaliwa huru na hakumwahidi mtu kitu, kisha anawapa mgongo na kuingia msituni bila kungoja jibu.