Yosakoi si ngoma ya mababu

Kila kundi jipya ninalolifundisha Yosakoi, ngoma ya Kijapani, likianza mazoezi, hakosi mtu wa kuuliza ina miaka mingapi, na kabla sijafungua kinywa mwenzake ameshamjibu: mia tatu, mia nne, ya tangu enzi za samurai.

Siyo. Yosakoi ilianza mwaka 1954 katika jiji la Kochi, kisiwani Shikoku nchini Japani, na walioianzisha ni chemba ya biashara. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimewaacha watu hoi na biashara imedorora. Mkoa jirani wa Tokushima ulikuwa na Awa Odori, ngoma ya kale kwelikweli inayovuta umati kila kiangazi, nao wafanyabiashara wa Kochi wakataka ya kwao. Kazi ya wimbo akapewa mtunzi Takemasa Eisaku. Huyo ndiye aliyewashikisha wachezaji naruko, vibao ambavyo wakulima walivitumia kuamia ndege mpungani. Nadhani watu wanachanganywa na jambo moja: ndani ya wimbo wake Takemasa alichomeka kipande cha wimbo wa zamani wa Kochi, ule wa mtawa aliyeonekana akinunua pini ya nywele kwenye daraja la Harimaya. Kipande hicho ni cha kale. Ngoma yenyewe ni ya juzi.

Naling'ang'ania hili kwa sababu anayeamini kuwa amekabidhiwa amana ya mababu huogopa kugusa chochote. Huniuliza kama gitaa la umeme ni utovu wa adabu! Takemasa mwenyewe aliruhusu wimbo wake ugeuzwe, ndiyo maana leo mitaani Kochi utausikia kwa samba na kwa roki.

Halafu wapo wa upande wa pili: kama ni ya kisasa, basi kila kitu ruksa. Nao wakae. Tamasha la Kochi linadai naruko mkononi, kipande cha wimbo wa Takemasa ndani ya muziki, na uchezaji wa kusonga mbele; kundi lisizidi watu 150.

Kuichanganya na Bon Odori? Ile ni ngoma nyingine ya Kijapani, huchezwa kwa duara, katika Obon, msimu wa kuzikaribisha roho za marehemu. Tamasha la Kochi ni tarehe 9 hadi 12 Agosti, na Obon kwa kawaida huanza tarehe 13.

Sapporo, jiji la kisiwa cha Hokkaido, nako si chimbuko. Tamasha lake la Juni lilianzishwa mwaka 1992 na mwanafunzi aliyevutiwa na la Kochi, likachanganywa na Soran Bushi, wimbo wa wavuvi wa Hokkaido. Ukimwona mchezaji amechuchumaa anaigiza kuvuta nyavu, hiyo ni Soran.

Na tafadhali, naruko si pambo la picha. Kwangu mazoezi ya kwanza hayana miguu kabisa. Mnakaa chini, mnapiga kwa kifundo cha mkono, bega limetulia, mpaka vibao vya kundi zima vilie mara moja. Wananung'unika kwamba ni mchezo wa chekechea. Wakisimama na kuanza kutembea, sauti hutawanyika hapohapo, nami nawakalisha tena.