Hundi ya Bima Haitoki kwa Rais

Kila mwaka, Septemba ikielekea ukingoni, simu yangu haipumziki. Wateja wangu wengi hapa Dallas ni Wakenya, Watanzania na Wakongo wanaojinunulia bima ya afya wenyewe: madereva wa malori, walezi wa wazee majumbani, kina dada wa saluni. Wakifungua bahasha wakakuta hundi ya kampuni ya bima, swali ni moja: "Kaka, rais ametuma hela?" Jina la rais hubadilika kwa kumfuata aliyepo Ikulu ya Washington wakati huo. Nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Sheria ya bima iliyosainiwa na Barack Obama tarehe 23 Machi 2010, inayojulikana zaidi kama Obamacare, inaitaka kampuni itumie angalau asilimia 80 ya premiamu (ada ya bima anayolipa mteja), baada ya kutoa kodi na tozo, kwa matibabu ya wateja na kuboresha huduma zao. Kwa bima za waajiri wakubwa kiwango ni asilimia 85. Kinachobaki ndicho cha mishahara, matangazo, faida, na kamisheni za mawakala kama mimi. Kampuni isipofikisha kiwango, inawarudishia wateja tofauti, mwisho tarehe 30 Septemba. Pesa inatoka kwenye akaunti ya kampuni, wala Hazina ya Marekani haina mkono hapo. Konda akikurudishia chenji kwa sababu trafiki amesimama mlangoni, unamshukuru trafiki kwa kukupa hela?

Naelewa mkanganyiko unatoka wapi. Barua inayoambatana na hundi inaitaja sheria kwa jina lake, na hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Malipo ya kwanza yalitoka kiangazi cha 2012, miezi michache kabla ya Obama kupambana na Mitt Romney kwenye uchaguzi wa rais: takriban dola bilioni 1.1, kwa bima zilizohudumia watu wapatao milioni 12.8. Julai 2013 Obama mwenyewe alisimama Ikulu kuyapigia debe marejesho hayo. Hesabu ya kisiasa ilikuwa nyepesi: mtu akipata hundi ataipenda sheria.

Hakuipenda. Mwaka 2014 Democrats, chama cha Obama, walipoteza Baraza la Seneti huku sheria yenyewe ikiwa bado inagawanya nchi. Sishangai. Hundi nyingi ni za kiasi kidogo, zinakuja mara moja kwa mwaka na kusahaulika. Aliye na bima ya kazini mara nyingi haioni kabisa, kwa sababu marejesho humwendea mwajiri, naye anaweza kuigeuza sehemu ya wafanyakazi kuwa punguzo dogo kwenye makato ya mshahara. Nani atapiga kura kwa ajili ya dola nne zilizopungua kwenye karatasi ya mshahara asiyoisoma?

Kuna na wale wa upande wa pili, wanaoniambia ni hongo ya uchaguzi kwa sababu inafika wiki chache kabla ya Novemba. Jamani, inafika kila mwaka! Mwaka 2021 hapakuwa na uchaguzi wa rais wala wa Bunge, na zilirudishwa takriban dola bilioni 2. Tarehe ilipangwa hivyo kwa sababu kampuni hufunga hesabu Desemba, hupeleka ripoti serikalini katikati ya mwaka, kisha hulipa.

Tena kama ni rais anayetuma, basi mfadhili mkubwa kuliko wote ni Donald Trump. Mwaka 2020 zilirudi karibu dola bilioni 2.5, kiasi ambacho hakikuwahi kufikiwa kabla ya hapo. Mwaka huohuo serikali yake ilikuwa Mahakama ya Juu ya Marekani ikiunga mkono kesi ya kuifuta sheria yote, kesi iliyoongozwa na jimbo letu hili la Texas na iliyotupwa Juni 2021.

Siasa imo kweli, ila inaingilia mlango mwingine. Oktoba 2017 serikali ilisitisha malipo yaliyokuwa yakifidia kampuni kwa kuwapunguzia wateja wa kipato cha chini gharama za kuchangia matibabu. Kampuni ziliingiwa na hofu, zikapandisha premiamu za 2018 kwelikweli. Madai ya matibabu hayakupanda kwa kasi hiyo. Sheria inapima wastani wa miaka mitatu, kwa hiyo ziada ya miaka ile ikajitokeza kwenye hundi za 2019 na 2020. Yaani ulitozwa kupita kiasi, halafu ukarudishiwa kwa kuchelewa, bila riba, na ukamshukuru mwanasiasa.

Kinachoniudhi hasa ni madhara ya imani hii kwetu wahamiaji. Mama mmoja aliificha hundi ya dola mia mbili na kitu ndani ya Biblia kwa zaidi ya nusu mwaka. Aliogopa kwamba akiiweka benki, ofisi ya uhamiaji itasema anakula msaada wa serikali na atanyimwa uraia. Alipokuja kuniuliza, benki ilikuwa imeshaikataa kwa kupitwa na wakati. Hundi hii ni premiamu iliyorudishwa na kampuni binafsi, si msaada wa serikali. Kama yako imechacha, pigia kampuni simu wakuandikie nyingine. Kama ulihama bila kuwapa anwani mpya (nawajua, mnahama kila mkataba wa nyumba ukiisha), pesa isiyodaiwa huishia kwenye ofisi ya jimbo inayotunza mali zisizo na mwenyewe, na kuidai huko inawezekana. Lakini kubadilisha anwani ni dakika tano.

Mengine nitayapitia haraka.

"Kwa hiyo ni sawa na ruzuku." Hapana. Ruzuku inayopunguza premiamu yako ya kila mwezi inatoka Hazina, na hiyo ndiyo ya kumshukuru au kumlaumu mwanasiasa. Bunge liliiongeza 2021, likairefusha nyongeza hiyo 2022 hadi mwisho wa 2025, na ugomvi juu yake ulifunga shughuli za serikali siku 43 mwaka huo wa 2025. Wajanja huniuliza: kama ruzuku ililipa sehemu ya premiamu yangu, mbona marejesho yote yanakuja kwangu? Kwa sababu ndivyo kanuni ilivyoandikwa. Usilete ubishi.

"Nimerudishiwa kwa kuwa sikuumwa." Hii nayo inanitia hasira, maana wapo wanaokwepa kupima presha ili "wasiharibu hundi". Hesabu inafanywa kwa wateja wote wa kampuni katika jimbo, kwa aina moja ya soko. Hata ukilazwa mwezi mzima, unaweza kupata. Nenda kapime presha!

"Shemeji amepata, mimi sijapata, wakala umenila." Shemeji yuko kampuni nyingine, au jimbo jingine. Au wewe unafanya kazi kwa mwajiri mkubwa anayelipia matibabu kwa fedha zake mwenyewe, na jina la kampuni ya bima kwenye kadi yako ni la mchakataji wa madai tu. Bima ya namna hiyo haihusiki na marejesho haya hata kidogo.

"Lazima niilipie kodi." Kama ulijinunulia bima na hukuitumia premiamu kupunguza kodi, hudaiwi kitu. Kama ilikatwa kwenye mshahara kabla ya kodi, marejesho kwa kawaida huhesabiwa kama mshahara. Madereva mliojiajiri, ninyi ndio mnaoteleza hapa: premiamu mliitoa kwenye fomu ya kodi mwaka jana, kisha hundi ikija mnakaa kimya. Mpelekeeni mhasibu barua yenyewe, kurasa zote, si picha ya hundi kwenye WhatsApp.