Mkojo Usio na Dawa Hautoshi: Waendesha Baiskeli wa Kulipwa Wanavyopimwa

Tumezoea kusema "dawa za kusisimua misuli", na jina hilo limeshika hata kwenye taarifa za habari, lakini katika mbio za baiskeli linapotosha, kwa sababu dawa iliyouchafua mchezo huu kuliko nyingine zote haisisimui msuli wowote. Dawa hiyo ni eritropoietini, kwa kifupi EPO, homoni ambayo figo za kila mmoja wetu huitengeneza ili kuuamuru uboho uzalishe chembe nyekundu za damu. Anayejidunga EPO ya kiwandani huziongeza chembe hizo, na kwa kuwa ndizo zinazobeba oksijeni, huendelea kupanda mlima kwa kasi ileile wakati wenzake wameshaishiwa pumzi. Damu yake, hata hivyo, huwa nzito, na damu nzito ni rahisi kuganda ndani ya mishipa.

Zamani kazi ya maabara ilikuwa nyepesi zaidi. Tom Simpson, Mwingereza, alipofariki kwenye mlima wa Mont Ventoux tarehe 13 Julai 1967 akiwa katika Tour de France, mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, alikutwa na amfetamini, dawa ya kuchangamsha, mwilini, na amfetamini haitengenezwi na mwili wa binadamu, kwa hiyo ikionekana kwenye mkojo hakuna ubishi kwamba imetoka nje. EPO haikuwa hivyo. Mwaka 1997 Chama cha Kimataifa cha Mchezo wa Baiskeli, UCI, kiliweka kikomo kwamba mwanamume ambaye chembe nyekundu zinazidi asilimia 50 ya ujazo wa damu yake asimamishwe kwa muda kwa sababu za kiafya. Kwa maoni yangu kikomo hicho kiligeuka kibali, kwa kuwa aliyejaliwa asilimia 43 alijua kabisa ni kiasi gani anaweza kuongeza bila kuguswa. Kipimo cha mkojo kinachotenganisha EPO ya mwili na ya kiwandani kilipatikana mwaka 2000.

Utoaji wa sampuli wenyewe hauna faragha. Mchezaji hupandisha fulana hadi kifuani, hushusha suruali hadi magotini, na afisa wa jinsia yake husimama akitazama mkojo ukitoka mwilini, kwa sababu wapo waliowahi kuficha mkojo wa mtu mwingine ndani ya nguo. Zinahitajika angalau mililita 90, kiasi ambacho mtu aliyetokwa na jasho kwa saa sita juu ya baiskeli anaweza kukisubiri kwa muda mrefu, na akinywa maji mengi mno ili kuharakisha, mkojo huwa mwepesi kupita kiasi na huombwa mwingine. Mchezaji mwenyewe huumimina katika chupa mbili, A na B, na kuzifunga kwa vifuniko ambavyo havifunguki bila kuacha alama.

Pamoja na ulinzi huo wote, mkojo safi hauthibitishi kwamba mchezaji ni safi. Dozi ndogo ya EPO inayodungwa usiku hutoweka haraka, na anayetoa damu yake mwenyewe, akaihifadhi na kujirudishia siku ya mlima mkubwa, hana dawa ngeni ya kukamatwa nayo. Mwendesha baiskeli Mmarekani Lance Armstrong alipimwa mara nyingi sana na kwa miaka akajitetea kwamba vipimo havikumkamata, hadi mwaka 2012 aliponyang'anywa mataji saba ya Tour de France, na kilichomwangusha hasa ni ushahidi wa waliokuwa wenzake katika timu.

Ndiyo maana tangu mwaka 2008 UCI inatumia pasipoti ya kibiolojia, yaani kumbukumbu ya vipimo vya damu vya mchezaji, ambayo haitafuti dawa bali inaangalia mwili umeitikia nini. Damu huchukuliwa mara kwa mara, si mara tu baada ya mazoezi na mchezaji akiwa ameketi dakika kumi, kisha hupimwa hemoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu, na chembe changa zilizotoka kwenye uboho hivi karibuni. Mtu aliyejirudishia damu huwa na hemoglobini ya juu na chembe changa chache, kwa sababu uboho umeona damu inatosha na umepunguza kazi. Dalili nyingine tunaipata kwenye mashindano ya wiki tatu: maji ya damu huongezeka kwa uchovu wa siku nyingi, hivyo kipimo cha hemoglobini kwa kawaida hushuka, na asiyeshuka kabisa lazima aangaliwe kwa makini.

Kuna sababu halali pia. Kuishi mlimani huongeza chembe nyekundu, na ugonjwa au kupoteza damu hubadilisha vipimo, kwa hiyo mchezaji hujaza fomu kueleza alikokuwa. Mwenendo wenye shaka husomwa na wataalamu watatu wasiojua jina lake, naye hupewa nafasi ya kutoa maelezo kabla hawajaamua, na kesi hufunguliwa tu ikiwa wote watatu wamekubaliana.