Kutu haiishi kwa kupakwa rangi: mnayoambiana kuhusu pikapu za zamani, na ukweli wake

Kazi yangu ni chesi (ile fremu ya chuma ya chini inayobeba gari lote) na bodi za pikapu za zamani, na wateja wangu wengi ni watu wanaotengeneza wenyewe nyumbani, wanakuja pale tu walipokwama. Hilo wala halinisumbui, mi napenda mtu anayeshika spana mwenyewe. Kinachonichosha ni maneno wanayokuja nayo, ni yale yale kila siku, na moja kati ya hayo nimelisikia mpaka basi. Acha niyaandike hapa nimalize.

"Fundi, kutu nshaimaliza, nimepiga msasa nikapaka rangi"

Hujaimaliza. Umeificha.

Kutu ni chuma chenyewe kilichogeuka baada ya kukutana na maji na hewa, kwa hiyo kila gamba linalodondoka pale ni unene wa chuma chako uliopungua, hakuna rangi wala dawa itakayourudisha. Afu kutu inavimba, inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, ndo maana unaona rangi inainuka mapovu na bati mbili zilizoshikanishwa zinaanza kuachana. Na ina vitundu, inanyonya unyevu inaukalia. Sasa we unakuja na msasa, unasugua mpaka pale juu panapong'aa kidogo, vishimo vyeusi umeviacha maana "hivyo haviumi", unapaka rangi. Umefungia maji na kutu chumba kimoja. Kama gari limeishi karibu na bahari, au limetoka nchi ambazo barabara zinamwagiwa chumvi wakati wa barafu, ndo usiseme, chumvi iliyobaki kwenye vile vishimo inafanya kazi usiku na mchana.

Na hapo bado naongelea bodi. Kinachoniumiza roho zaidi ni chesi.

Watu wanadhani chesi ya pikapu ni chuma kinene sana hakiwezi kufika popote. Mara nyingi ni milimita 3 hivi, basi. Na zile chesi zilizofungwa pande zote nne zinaoza kutokea ndani. Matope yanaingia kwenye matundu, yanatulia chini, yanaziba vile vitobo vya kutolea maji, na chuma kinakaa kwenye tope bichi miaka na miaka huku nje kunaonekana safi kabisa. Msidhani ni ugonjwa wa gari za mababu peke yake, mwaka 2016 kule Marekani Toyota walikubali kumaliza kesi ya chesi zinazoliwa na kutu kwenye Tacoma, Tundra na Sequoia, kama gari milioni 1.5, na hizo zilikuwa za miaka ya 2000 na kitu. Sasa ya kwako ya mwaka 1978 iliyolala nje chini ya mti unataka kuniambia iko salama kwa sababu umeipaka nyeusi?

Kuna moja ililetwa kwangu, chini kote imepigwa lami mpya, nyeusi inawaka. Mwenyewe kaifanya kwa mikono yake na alijituma kweli, mpaka mabomba ya breki kayafunika kwa gazeti yasichafuke. Nikagonga nyundo juu ya ekseli ya nyuma, pale chesi inapopinda kupanda juu, lami ikabonyea. Nikaipasua na kisu, ikatoka ukanda mzima kama ngozi, na kwa nyuma umebeba magamba mabichi, yaani yana maji. Palipobaki unaingiza vidole vitatu. Na hapo ndipo springi inaposhikiliwa, na huyu bwana alikuwa anapakia mzigo na watoto anawabeba.

Kwa hiyo kabla hujanunua hata kopo moja la rangi, fanya hivi. Chukua nyundo ndogo na bisibisi bapa ambayo huionei huruma, vaa miwani, ingia chini, anza mbele uende nyuma ukigonga kila upana wa kiganja. Chuma kizima kinalia, sauti inakuwa kali. Ukifika palipoliwa sauti inazima ghafla na magamba yanakudondokea. Hapo chukua bisibisi, isukume kwa nguvu ya mkono wote, uone inaingia ama haiingii. Usiogope kutoboa, kama imetoboka kwa bisibisi basi hapakuwa na chuma. Kaa sana sehemu hizi: nyuma ya vishikio vya springi, juu ya ekseli ya nyuma, kila mahali bati mbili zimelaliana, pale kebini inapokalia chesi, na kwenye zile nguzo zinazounganisha upande na upande. Kwenye bodi angalia chini ya milango, kwenye kizingiti, kona za kioo cha mbele chini ya raba (hapo ndo maji yanaingia yanaloweka kapeti na sakafu ya kebini), na sakafu ya kubebea mzigo kwa CHINI, sio juu.

Sasa mtu akishakuta tundu ananiuliza, "si naweza kuziba na puti?" Hapana. Puti ni ya kusawazisha bonde dogo kwenye bati zima, milimita 2 au 3, sio ya kuziba tundu. Puti inanyonya maji. Ukiiweka juu ya tundu, kwa nyuma iko wazi, unyevu unaipanda, mvua za msimu mmoja tu unaona imeinuka na rangi yako yote juu. Wavu na gundi ya faiba hivyo hivyo, kwenye bati ni kuahirisha, na kwenye chesi ni kosa kabisa, usijaribu.

Dawa za kugeuza kutu kuwa nyeusi, zile za asidi ya fosforiki au taniki? Zinafanya kazi, sikatai, ila kwenye kutu nyembamba iliyoshika sana baada ya kukwangua yote inayotoka. Kwenye magamba zinageuza juu tu, chini kunabaki kama kulivyokuwa, na katikati ya bati mbili hazifiki. Na kama unataka kufuatisha praima ya epoksi soma kopo kwanza, epoksi nyingi hazishiki vizuri juu ya mabaki ya asidi.

Njia yenyewe ni kukata. Kata mpaka ufike kwenye chuma cheupe, hata kama tundu la shilingi linakuwa tundu la sahani, ndo ukubwa wake wa kweli huo. Kabla hujakata kizingiti cha kebini funga vyuma vya kushikilia ndani ya tundu la mlango, la sivyo kebini inalegea na mlango haufungi tena maisha. Bati la bodi ni milimita moja au chini yake, chomelea nukta nukta ukiruka huku na huku, ukienda mstari mmoja moto unalikunja. Betri chomoa, tenki la mafuta litoke nje, sio kufunikwa na kitambaa kibichi, LITOKE. Na usisafishe chuma kwa spreyi ya breki yenye klorini afu ukachomelea, ile inaweza kutoa gesi ya fosjeni na hiyo inaua.

Kwenye chesi nakuwa mkali zaidi. Usibandike kipande juu ya kutu, utakuwa umetengeneza chumba kipya cha maji. Usichomelee mstari ulionyooka wima kukata chesi, huo mstari ndo utakaopasuka, kipande kikatwe ncha za mshazari ili moto usikae sehemu moja. Kingo za juu na za chini za chesi ndo zinabeba mzigo, usizitoboe wala kuzichomelea hovyo. Na kama palipoliwa ni kwenye boksi ya usukani au vishikio vya springi, mpe anayejua. Hapo sisemi kutafuta kazi, nasema kwa sababu ukikosea hapo gari linakuacha ukiwa kwenye mwendo.

Ukimaliza ndo unarudi kwenye kulinda: osha ndani ya chesi na maji ya presha mpaka yatoke meupe, zibua vile vitobo vyote, acha ikauke siku kadhaa kweli kweli, epoksi kwa nje, na ndani unapuliza nta maalumu kwa mpira mrefu wenye kichwa kinachotawanya pande zote. Nta, sio lami. Nta inatambaa mpaka kwenye maungio na hata ikichubuka unapuliza tena. Ukinibana nichague kitu kimoja tu cha kusisitiza kwenye pikapu nzima nitachagua hiyo nta.

Na ile praima ya kijivu ya kawaida sio rangi! Naona pikapu zimekaa nje miezi zikiwa na praima tupu, "nasubiri nipate rangi". Inapitisha maji. Unasubiri huku chini kunaanza upya.

"Toa thamostati, gari la zamani halihitaji"

Hii ni ya pili kwa kunichosha. Injini ikichemka tu, mtu wa kwanza kupita anasema toa thamostati, ile valvu inayofungua na kufunga njia ya maji ya kwenda kwenye rejeta kufuata joto. Iliwekwa na waliotengeneza injini, nyingi zinaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, ili injini ipate joto haraka na ibaki nalo. Ukiitoa injini inakaa baridi, inakunywa mafuta mengi, oili haipati joto la kukausha unyevu, silinda zinalika. Kibaya zaidi, kuna injini ambazo thamostati ikifunguka inaziba njia ya mkato ya maji, ukiitoa ile njia inabaki wazi, maji ya moto yanarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na inachemka KULIKO MWANZO. Rejeta iliyoziba ndani, mfuniko usioshika presha, mkanda wa feni uliolegea, angalia hivyo. Thamostati ijaribu kwenye sufuria ya maji yanayopashwa moto, ikigoma kufunguka weka mpya. Na weka kulanti (maji maalumu ya kupozea injini), maji matupu yanaozesha injini kwa ndani.

"Injini imechoka, weka oili nzito"

Oili nzito inapandisha mshale wa presha na kupunguza moshi kidogo, ugonjwa uko pale pale, na asubuhi injini ikiwa baridi oili hiyo inachelewa kufika juu kwenye valvu. Pima kompresheni (nguvu ya mgandamizo ndani ya silinda) kwanza. Kama ni ya petroli na silinda moja iko chini, tia oili kijiko kwenye tundu la plagi upime tena: ikipanda ni ringi za pistoni, isipopanda tafuta valvu au gasketi ya hedi. Ni kazi ya muda mfupi tu na unajua unapigana na nini.

"Injini ikikwama, livute gari na lingine, weka gia, itaachia"

Itaachia kwa kupinda koneksheni rodi (mkono unaoshika pistoni) au kuvunja ringi. Toa plagi zote, mimina mafuta ya kulegeza kutu kila silinda, iache siku kadhaa ukiongeza, kisha zungusha kwa mkono na spana kwenye nati ya krenki, mbele kidogo, nyuma kidogo. Ikigoma, fungua hedi uone. Haraka haina baraka hapa.

"Naiwasha dakika tano kila wiki isife"

Petroli lita moja ikiungua inatoa maji karibu lita moja. Injini ikipata moto sawasawa yanatoka kama mvuke, ila kwa hizo dakika tano yanabaki kwenye ekzosi na mengine yanateremka kwenye oili, na betri nayo haijarudishiwa hata ilichotumia kuwasha. Endesha mpaka ipate joto, nusu saa na zaidi, la sivyo iache ilale na betri uitoe.

"Maji ya breki hayaharibiki, unaongeza tu"

Yanaharibika. Yananyonya unyevu wa hewani. DOT 3 (aina mojawapo ya maji ya breki) ikiwa mpya inatakiwa kuvumilia angalau nyuzi 205 kabla ya kuchemka, ikishanyonya maji kipimo chake kinashuka mpaka 140, na kwenye mteremko mrefu umepakia mzigo pedali inazama mpaka chini. Hayo maji pia ndo yanayokula silinda za magurudumu kwa ndani. Gari likikaa miaka bila kuendeshwa, mwaga yote, fungua silinda uziangalie, weka mpya. DOT 5 ya silikoni usiichanganye na hizo nyingine.

"Jeki ni nzima, naingia chini mara moja tu"

Jeki ni ya kunyanyulia. Sili yake ikiachia haikuambii. Weka stendi mbili za chuma chini ya chesi au ekseli, kwenye ardhi ngumu, magurudumu yaliyobaki chini yawekewe kabari pande zote mbili, tikisa gari kwa nguvu ukiwa bado nje, ndo uingie. Matofali na zile bloku zenye matundu usitumie, zinapasuka bila dalili. Na kama ile nyundo imeshakuonyesha kuwa chesi imeliwa, stendi weka chini ya ekseli, maana chesi hiyo hiyo inaweza kutoboka ikakushukia.